Faili Nililolifunga kwa Mstari wa Mazishi

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na kwa neema ya Mungu watu wameniamini na mambo yao mazito. Zamani niliyaandika kwenye daftari na kulifungia sandukuni. Mkono ulipoanza kutetemeka, binti yangu alinipa kompyuta yake ya zamani, akaniwekea programu nyepesi ya kuandikia, isiyo na mapambo yoyote, akanionyesha kwamba inaweza kulifunga faili kwa neno la siri. Nilimshukuru Mungu kwa mashine ile.

Mwaka jana mama mmoja wa Karurumo, ambaye mumewe alikuwa ameanza kuugua, aliniomba nimwandikie barua. Alizungumza polepole, akichambua maharagwe kwenye ungo, bila kunitazama. Alikuwa tayari na mimba ya mwanawe wa kwanza alipoolewa, na mimba hiyo haikuwa ya mumewe. Mume hakuwahi kuambiwa. Alitaka mwana huyo aipate kweli kutoka kwa mamaye mwenyewe, katika barua, siku mama atakapokuwa ametangulia. Nilimsihi amwambie mumewe kwanza. Akasema anaomba apewe nguvu, nimvumilie. Nikaandika, nikalifunga faili, nikamvumilia.

Mwana huyo ni dereva wa pikapu za miraa kule Maua. Mdogo wake ni mwalimu, na ndiye katibu wa kanisa letu. Mwaka huu baba yao alitangaza kwamba baada ya mavuno atawaita wote wawili shambani, amwonyeshe kila mmoja kipande chake, na mimea ya mpaka ipandwe mbele ya wazee wa ukoo. Siri ile ingetoka kabla ya siku hiyo, yule wa Maua angerudi nyumbani na kukuta hana pa kujenga.

Sasa kosa langu. Tulikuwa na mazishi, na katibu akaniomba nyimbo. Nikampa flashi yangu. Wiki mbili baadaye, nikikamua ng'ombe, nikakumbuka kwamba nakala ya barua ile ilikuwa humo humo. Maziwa yalinimwagikia miguuni. Nilijituliza kwamba faili limefungwa, kisha nikajiuliza limefungwa namna gani.

Kesho yake niliibeba kompyuta nikaenda kwa binti yangu, anayeishi mtaa wa Dallas, mjini Embu. Sikumwambia barua ni ya nani, nilimwambia tu ni siri ya mtu. Akaifungua kompyuta, akatazama. Alinieleza kwamba programu ile ina njia tatu za kufunga. Ya kwanza ni ya zamani mno, na mtu mwenye ujuzi na subira anaweza kuivunja. Ya pili na ya tatu zimepewa jina la samaki anayevimba akitishwa. Ya pili iligunduliwa ina ufa, ndipo ikatengenezwa ya tatu kuuziba. Langu lilikuwa limefungwa kwa ile ya kwanza, maana ndiyo mashine huichagua yenyewe mtu asipochagua.

Nilimwambia basi tuchague ya tatu, tumalize. Akasema nisiwe na haraka. Mashine yenye toleo la zamani haitaweza kulifungua faili la njia ya tatu, na neno likisahaulika hakuna fundi wa kulirudisha. Nikamfikiria yule wa Maua, miaka ijayo, akihangaika na kompyuta ya kuazima. Nikamfikiria pia mdogo wake akiwa na flashi mfukoni. Nilikaa na mawazo hayo mawili mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikasema ya tatu.

"Sawa," akasema. "Lakini Baba, kufuli ni kitu kimoja na ufunguo ni kingine. Usinitajie neno lako. Niambie tu kama kuna mtu anaweza kulikisia."

Nilisogeza kikombe cha chai.

"Si ule mstari wako wa mazishi?" Alianza kucheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. "Baba, ule hata kwaya huumalizia kabla hujafika mwisho."

Ni kweli. Nimeusoma juu ya makaburi kuanzia Runyenjes mpaka mitaa ya mjini. Nililichagua neno ambalo sitalisahau, nisifikirie kwamba nimewafundisha wote kulikumbuka pamoja nami. Hata njia ya tatu isingenifaa kitu.

Jioni hiyo sikupitia nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwa katibu. Nilimkuta akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilimwomba flashi kwa sauti niliyojaribu kuifanya ya kawaida. Akainuka, akaitoa kwenye kikombe cha kalamu.

"Mzee, kuna faili moja humu limeandikwa alama alama tu," akasema. "Nilidhani ni virusi. Nilikaribia kulifuta."

"Ulilifungua?"

"Nililifungua likaniletea takataka, nikalifunga. Kwani ni la nini?"

Nikasema ni la kwangu. Nilimtazama machoni, naye akanitazama kwa heshima kama siku zote, akarudi kwenye madaftari yake. Namwamini. Hata hivyo njia nzima nilirudia maneno yake moyoni, nikitafuta kama kuna lililopungua.

Ningeweza kubadilisha neno mwenyewe na kukaa kimya. Lakini siri haikuwa yangu. Kesho yake nilirudi kwa binti yangu, akaifuta ile flashi kabisa, nami nikaichukua kompyuta mpaka kwa yule mama, nikamweleza yote, pamoja na mstari.

Akasema, "Kwa hiyo wiki hizo zote mwanangu alikuwa amelala mlango wazi."

Nikasema ndiyo, nikamwomba msamaha.

"Neno nitaliweka mimi, Mzee. Wewe kaa na faili. Mmoja wetu asiweze kulifungua peke yake."

Nilimwonya kwamba akilisahau, barua imekwenda. Akasema hawezi kulisahau: ndilo jina alilotaka kumwita mtoto wake. Mzaliwa wa kwanza kwetu huitwa jina la baba wa mume, kwa hiyo lake alilimeza, na hajapata kulitamka mbele ya mtu. Alikusudia kumwachia mwanawe jina hilo siku itakapofika.

Nilimfungulia faili, nikachagua njia ya tatu, nikageuka kutazama zizi. Nilisikia kidole kimoja kikigonga herufi, kikisita, kikigonga tena. Mashine hutaka neno mara mbili. Mara ya kwanza hayakulingana, wala ya pili. Mara ya tatu yalilingana.

Mavuno bado, na mumewe bado hajaambiwa. Ninalo faili nisiloweza kulisoma, na namshukuru Mungu kwa hilo. Kila Jumapili baada ya ibada humuuliza, "Mama, bado lipo?" Naye hufumba macho, akalitafuta, kisha akaniitikia kwa kichwa. Jumapili iliyopita alifumba macho muda mrefu kuliko kawaida. Nilisimama pale mlangoni pa kanisa, kofia mkononi, nikingoja, mpaka akaitikia.