Kitabu cha Kuacha Sufuria

Vitabu vya utoto wangu vinanuka mawese. Sisemi harufu ya kukumbukwa kwa mbali. Nasema mawese yenyewe, mekundu, yale ambayo mama yangu alikaangia mandazi kila asubuhi kando ya barabara ya mji wetu wa Baraka inayoshuka ziwani, na ambayo yalipenya kurasa mpaka ukaweza kusoma upande wa pili bila kugeuza karatasi. Mama alifungia mandazi vitabu. Mchuuzi mmoja wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, alikuwa amerudi kutoka Uvira na gunia la karatasi, gunia kubwa, ng'ombe angeingia humo na kubaki na nafasi ya kujinyoosha, na mama akalichukua lote akidhani ni magazeti. Kumbe zilikuwa riwaya za Kifaransa, nyingi hazina jalada, na karibu zote zilihusu mambo yasiyokuwapo: nyota zenye wakazi, wachawi wenye adabu, mashine zinazoota ndoto. Nani alizisoma kabla yetu, na alikimbilia wapi akiziacha, sijui mpaka leo. Mama alifungua moja, akacheka, akasema, "Karatasi ni karatasi tu," akaanza kuchana. Alichana kutoka nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kulikochanika vizuri.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Shule ilikuwa imefungwa, maana wenye bunduki walilala humo na madawati wakayachemshia chai. Hivyo mchana kutwa tulikuwa walinzi wa ndagala. Samaki wale huanikwa juu ya mchanga, wanameta kana kwamba mtu amemwaga misumari milioni, na kazi ya watoto ni kuwafukuza kuku, bata na kunguru mpaka wakauke. Tulikuwa watatu. Mimi Sifa; Mauwa, jirani yangu, niliyemzidi mwaka mmoja na kwa hiyo akaniita yaya, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa; na Wilondja, binamu yake, ambaye mdomo wake ulifika kila mahali kabla ya miguu. Kila asubuhi, kabla mkono wa mama haujafika chini ya gunia, niliokoa kitabu kimoja au viwili nikavificha ndani ya kitenge. Tulisoma ukurasa mmoja kwa kila kuku tuliyemfukuza, na Baraka ya wakati ule ilikuwa na kuku wengi kuliko watu. Kifaransa chetu cha darasa la tano kilikuwa na matundu kama wavu mzee. Maneno makubwa tuliyanasa, madogo yakatoroka, na palipobaki pengo tulijaza wenyewe. Mimi nilijaza kuliko wote. Nikisema joka lilikuwa refu, jua kwamba mkia wake uliishia Kalemie, mji ulio mbali kusini.

Jioni, tukiwakusanya samaki kwenye beseni, ulifika wakati wa kila mtu kusema anasoma nini na kama wenzake wakisome. Hapo tulikuwa na kipimo chetu, ambacho sijakikuta mahali pengine popote. Vita vilikuwa vimepita Baraka vikaondoka, vikapita tena, na kila nyumba ilikuwa imekwisha kugawa mizigo ya kukimbia. Hata mtoto wa miaka minne alijua wake. Kwetu mimi nilikuwa wa unga. Kwa akina Mauwa, mama yake alikuwa wa jembe na furushi la nguo, na Mauwa alikuwa na mizigo mitatu: blanketi kichwani, mdogo wake Amuri mkono wa kulia, na mkono wa kushoto sufuria yao, moja tu, ya alumini, iliyobonyea ubavuni. Basi tukapima vitabu kwa mizigo hiyo. Kitabu kibaya kilikuwa cha kufungia mandazi. Kizuri kiasi kilikuwa cha kuacha ndala, yaani ungekubali kwenda pekupeku ili ukibebe. Kile cha mchawi aliyefungia pepo za ziwa ndani ya chupa, Wilondja alikitangaza kuwa cha kuacha blanketi, tukabishana naye siku mbili. Juu kabisa palikuwa pa kitabu cha kuacha sufuria. Mahali hapo palikuwa patupu. Hakuna aliyethubutu, kwa kuwa sote tulijua sufuria ni nini njiani.

Mimi nikathubutu. Nilikuwa nimepata kitabu kisicho na jalada, kwa hiyo kisicho na jina wala mwenyewe, kuhusu watu ambao nyota yao ilikuwa inakufa. Hawakukimbia na vyombo vyao. Walibeba ziwa lao. Walilichota lote, na samaki wake na matope yake, wakalipakia ndani ya chombo kinachopita angani, wakaenda kutafuta nchi ya kulimwaga. Msichana mmoja alipewa kazi ya kupima maji kila siku kwa kijiti, na kila siku yalipungua kidogo, maana walio ndani walikuwa wakiyanywa. Nyota walizozifikia ziliwakataa moja baada ya nyingine. Nilikisoma kwa siku nne nikiwa nimewasahau kuku, na hasara ya ndagala wiki ile ilikuwa ya kihistoria. Halafu nikafika mahali ambapo chombo kinatua, wazee wanashika mlango, na ukurasa unaishia hivi: mlango ukafunguka, na wote wakaona. Basi. Kilichofuata kilikuwa kimekwisha kufungiwa mandazi na kuliwa na askari. Nilijua hivyo. Niliushika ule ukingo uliochanika kwa vidole vyangu, nikajua.

Jioni ile nikawaambia wenzangu nimepata cha kuacha sufuria.

"Bongo!" Wilondja akapiga kelele, na kwetu bongo ni uongo. "Yaya Sifa, we kila kitu unakiongezaka chumvi. Juzi ulisema kuku alikuchukua mguu."

"Nakuapia. Mwisho yake utalia siku tatu."

"Umefika mwisho?" Mauwa akauliza. Alikuwa mtu wa kuuliza taratibu, akikutazama usoni.

"Nimefika, na nimerudia."

"Nipe mi nisome."

"We?" Wilondja akacheka mpaka akakaa juu ya samaki. "We utaacha sufuria? Mama yako akitoa sauti tu, unakojoa. Siku ya kukimbia tutakuona, msomaji!"

Mauwa alinyoosha mkono. Alikifunga kitabu ndani ya kitenge chake, upande wa ndani, kama mtu anayeficha chakula. Nilifurahi. Naandika hili ili nisijipambe: nilifurahi kwa sababu sifa yangu ilikuwa imepata mtu wa kuiamini.

Siku ya kukimbia ilikuwa ya nne baada ya hapo, asubuhi, ndagala wakiwa ndiyo kwanza wanatandazwa. Milio ilianzia upande wa kusini, ikakaribia haraka kuliko tulivyozoea. Mama alimwaga mafuta ya moto mchangani ili asiyaache yakamwunguza mtu, nami nikachukua unga wangu. Kwa jirani nilimwona mama yake Mauwa akiwa tayari njiani na furushi, akiita bila kugeuka, "Mauwa, leta mutoto! Leta sufuria!" Halafu nikamwona Mauwa akitoka mlangoni. Blanketi kichwani. Amuri mkono wa kulia. Mkono wa kushoto umebana kitabu kifuani. Nilimwona, nami nilikuwa na mdomo mkubwa kuliko wote katika wilaya yetu nzima ya Fizi, na sikusema neno. Nilijiambia sikuona vizuri kwa vumbi. Hakukuwa na vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri.

Tulipotezana na akina Mauwa siku ile ile, tukakutana nao Lubondja baada ya siku nyingi, katika kijiji kilichokuwa na wageni wengi kuliko wenyeji. Nikauliza habari, nikaambiwa Amuri amezikwa juzi. Njiani walikuwa wamepata mihogo katika mashamba yaliyokimbiwa, ile michungu yenye sumu, ambayo inataka kulowekwa na kuchemshwa sana. Hawakuwa na cha kuilowekea wala cha kuichemshia. Walichoma makaani. Na sufuria ya kuazima njiani haipo. Mwenye nayo anapika mbio mbio, anaitia kichwani ingali moto, anaondoka. Mtoto alianza kutapika, akaendelea. Watoto wengi walikufa katika njia ile, wa wenye sufuria na wa wasio na sufuria, na wengine waliharisha kwa maji tu. Hivyo ndivyo kila mtu mzima alivyoniambia tangu siku hiyo, na huenda ni kweli. Mama yake Mauwa hakunilaumu, kwa kuwa hakujua kwamba kuna cha kunilaumu. Alimuuliza binti yake mara moja tu sufuria iko wapi, na Mauwa akamjibu kwamba ilianguka.

Nilimkuta nyuma ya nyumba waliyopewa, ameketi chini, kitabu mapajani. Kilikuwa kimevimba kwa mvua. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Alinitazama usoni kama kawaida yake.

"Yaya Sifa, mwisho iko wapi?"

"Mwisho ya nini?"

"Ya kitabu. Mi nimesoma mpaka banafungua mulango. Kisha hakuna kitu. Nikafikiri imeanguka njiani. Nikarudi kutafuta, karibu mama anipige." Akapitisha kidole kwenye ule ukingo. "Lakini hapa kunanuka mawese. Ilichanika zamani."

Niliutazama ukingo ule ule.

"Basi niambie kwa mudomo. We ulifika. Ulirudia. Baliona nini?"

Mimi, niliyelirefusha joka mpaka Kalemie, niliyemfanya kuku amchukue mtu mguu, nilifungua mdomo nikatafuta. Lingenitosha hata neno moja: majani, mchanga, mto mkavu unaosubiri. Ningeweza kumpa nchi nzima, na angeipokea. Hakikutoka kitu. Mauwa akanirudishia kitabu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyorudishiwa mkubwa kitu chake. Siku zilizobaki pale Lubondja alinisalimia vizuri kila asubuhi, na hakuniita yaya tena.

Miaka imekwenda. Nimemaliza shule ya jioni nikiwa na watoto watatu, wa kwanza akinifundisha hesabu, na siku ya kupewa cheti nilipiga vigelegele mwenyewe nikaamsha watoto wa mitaa minne. Vitabu sasa vipo. Tuliosoma pamoja shule hiyo ya jioni tuna kundi letu kwenye simu, na kila Jumapili tunaulizana nani anasoma nini. Vijana wanapenda hadithi zile zile za kwetu, za nyota na majoka, na wanazitolea nyota tano tano kama wanagawa pipi. Hiki lazima mkisome, wanaandika, usipokisoma utakufa. Nami huwa nacheka pamoja nao katika mengine yote. Hapo tu ndipo ninapoweka simu chini. Swali langu ni moja, wamelizoea, wanalifanyia mzaha: umefika mwisho kwa macho yako? Kitabu cha watu waliobeba ziwa nimekitafuta kwa kila muuza vitabu niliyemkuta. Lakini utaulizaje kitabu ambacho hukujua jina lake? Wauzaji wananisikiliza mpaka mwisho, halafu wananiuliza kama nimekiota.

Mauwa yuko Lulimba, ana shamba na watoto. Mwaka jana nilipanda pikipiki nikaenda, njia ikanitikisa mpaka nikafika nikiwa mfupi kidogo. Nilimpelekea kitabu kipya, chenye jalada, hadithi ya kisima kinachozungumza, nilichokisoma mara mbili kwa ajili ya safari hiyo. Tulikula, tukaongea habari za Wilondja, ambaye yuko ng'ambo ya ziwa na bado anaongea kwa niaba ya watu sita. Kisha nikakitoa. Hakutazama jalada. Alikifungua kutoka nyuma, akapapasa ukurasa wa mwisho kwa kidole, akakinusa.

"Iko na mwisho," akasema.

"Iko nayo. Nimefika."

"Na ni ya kuacha nini?"

Nilishindwa kumtazama. "Usiache kitu, Mauwa. Ukipenda, kisome. Ni kizuri kiasi."

Akatikisa kichwa taratibu, akainuka. Nyuma ya mlango wake palikuwa na furushi lililofungwa, kama lilivyo nyuma ya milango yetu yote mpaka leo, na juu yake sufuria imepinduliwa. Akaigeuza, akakitia kitabu ndani, akafunika kwa kifuniko. Kiliingia bila shida, na nafasi ikabaki ya kingine. Tulisimama hapo tukiitazama sufuria, wanawake wazima wawili, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba hata kile cha ziwa kingeingia.