Siku Mzee Okumu Aliponifungia na Seva Sita

Sasa naweza kucheka, lakini wiki ile nilikuwa napita njia za nyuma za mtaa wa Migosi na kofia nimeivuta mpaka kwenye nyusi, kwa sababu Kisumu nzima ilikuwa imenisikia redioni nikilia. Ndiyo, nikilia, mwanaume mzima. Ngoja nikueleze yote, ucheke nikimaliza.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye kituo kidogo cha redio (jina nalificha, bado niko hapo). Wakati huo nilikuwa kwenye miezi sita ya majaribio, na Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho: saa tisa mchana Madam, bosi wetu, aamue kama nabaki ama narudi kwetu Manyatta kumsaidia mama kupanga nyanya sokoni. Na mama, bila kuniuliza, alikuwa ameshawatangazia wamama wote wa kanisa kwamba kijana wake ameandikwa kazi ya kudumu. Unaiona hiyo presha?

Sasa, seva zetu sita zilikuwa na programu ya ulinzi, yaani askari wa ndani anayekaa kwenye kila mashine akichungulia virusi na wezi, na tulikuwa tunahamia kampuni nyingine, kwa hivyo huyo wa zamani lazima atolewe kabla mpya hajaingia, maana wakikutana wawili wanapigana wao kwa wao na inayoumia ni mashine. Madam alinieleza polepole kabisa: "Ochieng, kazi hii ni Jumapili, tukiwa tunarusha ibada, hakuna nyimbo za kucheza. Kwanza zima kinga yake, ile inayozuia asitolewe, ndiyo akubali kutoka. Halafu moja moja. Toa, washa upya, angalia iko sawa, ndiyo uende kwa ingine." Nikasema sawa Madam.

Lakini Ijumaa saa saba nikawaza: nikimaliza leo, saa tisa akiingia anakuta kazi imeisha, nani atanifukuza? (Huo ndio uamuzi mdogo. Ushike.) Nikaingia chumba cha seva, nikaandika amri moja iende kwa seva zote sita kwa mpigo: zile nne za Windows zimtoe askari na kujiwasha upya zenyewe, na zile mbili za Linux, kwa vile nilijiona mjuaji, nikaamuru folda yake ifutwe tu, kwisha. Na ile kinga ya kuzimwa kwanza? Nilisahau. Hapana, niseme ukweli, sikusahau, niliona inanichelewesha.

Nikabonyeza. Yawa!

Askari akaniona mimi ndiye mwizi! Kwenye zile nne alikataa kutoka, akakata mtandao wote ili mwizi asiondoke na kitu, halafu mashine zikaanza kujizima na kujiwasha, kujizima na kujiwasha. Zile mbili nilikuwa nimemkata nusu, nusu ingine imebaki ndani kabisa, zikazimika, zikagoma kuamka. Na hizo mbili ndizo zilikuwa zinacheza nyimbo, na ilikuwa saa ya salamu, saa ambayo hata kinyozi anazima mashine yake asikilize. Redio ikanyamaza katikati ya wimbo.

Na bado! Askari alikuwa ametuma meseji kwa simu zote za orodha ya dharura, na kwenye orodha alikuwa Mzee Okumu, mlinzi wetu wa geti (Madam alimweka kwa sababu yeye tu ndiye simu yake haizimwi). Maneno ya meseji nilikuwa nimeyaandika mimi mwenyewe, miezi ya nyuma: "Kuna mtu anaondoa ulinzi chumba cha seva. Chukua hatua."

Mzee Okumu akachukua hatua. Nikasikia buti mbio kwenye korido, halafu kufuli, kach!

"Mzee, ni mimi Ochieng! Fungua!"

"Ochieng aliniambia kazi hiyo ni Jumapili. Leo ni Ijumaa. Wewe ni nani?"

"Si unaijua sauti yangu?"

"Siku hizi wezi wanajua kuiga. Tulia hapo, polisi wako njiani."

Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Kumbe huko studio mikrofoni zilikuwa sawa, hazipiti kwa seva, na mtangazaji wetu Atieno, aliyekuwa ameongea peke yake mpaka maneno yakamwisha, akasikia zogo, akabeba mikrofoni isiyo na waya, akaja mpaka mlangoni. Mimi nasikia tu mtu anasema kwa furaha, "Wapenzi wasikilizaji, mwizi wa mitambo ameshikwa! Bwana mwizi, una salamu zozote?"

Nikadhani ananitania. Nikamwaga yote: "Atieno, tafadhali, Madam akija nimeisha! Mama ameambia kanisa lote nimeandikwa, na hata sijaandikwa!" Hapo ndipo kilio kikanitoka, hewani.

Dakika moja haikuisha, simu ya studio ikalia, Atieno akaifungulia sauti. Alikuwa mama.

"Huyo si mwizi, binti. Huyo ni Ochieng wangu, namjua hata akilia. Tangu utoto anataka kugeuza chapati zote mara moja, anaunguza zote. Mfungulieni."

Mzee Okumu akawapigia polisi wasije, akafungua, akanipa leso yake. Nyuma yake alisimama Madam, amesikia kila kitu kwenye redio ya gari. Hakunigombeza. Akavuta kiti, akakaa nyuma yangu, tukarudisha seva kutoka nakala ya akiba ya Alhamisi, na kila nikitaka kurukia ya pili kabla ya kwanza kuamka, anakohoa. Kisha akaniongezea miezi mitatu ya majaribio.

Jumapili mama alisimama kanisani, mbele ya wamama walewale, akasema: kijana wangu bado hajaandikwa, nilitangulia, muombeeni. Hapo ndipo niliumia kweli, kuliko siku yenyewe.

Miezi hiyo mitatu ilipoisha nikaandikwa, asante Mungu. Siku hizi hata nikitoa programu ndogo kiasi gani, nazima kinga kwanza, nachukua mashine moja, naiwasha, naiangalia, na kabla ya hayo yote nateremka getini kumwambia Mzee Okumu. Na kila Ijumaa saa ya salamu mama anapiga simu, anasalimia kanisa, anasalimia majirani wa Manyatta, halafu anamalizia, "Na Ochieng, popote ulipo: moja moja."

Nami nikiwa na seva zangu, najibu kwa sauti, "Sawa, mama."