Honi Niliyoinyamazisha

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Pemba ya Msumbiji, Mkuu wa Marubani hakunipa nafasi hata ya kumaliza salamu. Alinipandisha kwenye ndege ya injini moja, tukapaa, na tulipofika juu akaurudisha nyuma mkono wa mafuta mpaka injini ikabaki inakoroma tu.

"Haya, injini imekufa. Unatua wapi?"

Nikamwonyesha uwanja kwa kidole. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, kichwa kimevimba.

"Hufiki," akasema. Na kweli nisingefika. Ilibidi arudishe moto mwenyewe kabla hatujaikalia mikorosho ya watu.

Vijana mnaosoma haya, zoezi hilo la kutua bila nguvu ya injini ndilo nililolifundisha maisha yangu yote. Ndege za shule ni nyepesi, zinaelea kwa raha. Zetu zilikuwa za mbio: injini kubwa, propela ya kugeuzwa pembe, magurudumu ya kukunjwa tumboni. Nguvu ikikatika zinashuka upesi kuliko mgeni anavyodhani. Unashika mwendo wa kuelea, unavuta mkono wa propela ili mapanga yasizuie upepo, unazunguka juu ya mahali ulipopachagua. Magurudumu unayateremsha mwisho, ukiwa na hakika ya kufika, maana yanaivuta ndege chini.

Shida ilikuwa honi. Ndege hizo zina honi inayolia ukipunguza nguvu huku magurudumu bado yamekunjwa, ili usije ukatua kwa tumbo. Katika zoezi letu nguvu imepunguzwa tangu juu, kwa hiyo honi inapiga kelele muda wote wa kushuka. Nilimwomba Mkuu ainyamazishe.

"Iache ilie," alisema. "Ikikukera, ujue inafanya kazi."

Nilihamishiwa Mocímboa da Praia, kisha Palma, na huko nikawa mwalimu wa marubani. Mkuu alibaki Pemba. Mimi nina hasira za karibu na sikupenda kupayuka ili nisikike, basi nikaanza kuvuta fyuzi ya honi. Ni kitufe kidogo chini ya dashibodi: ukikivuta nje honi inanyamaza, zoezi likiisha unakirudisha. Nilijiona mjanja.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Amade, mtoto wa wavuvi wa ile pwani iliyokuja kuchukuliwa na mradi wa gesi. Alikuwa rubani wa kwanza katika ukoo wao. Mikono yake ilikuwa mitulivu kuliko yangu, nasema bila kinyongo. Alipofuzu akaajiriwa palepale Palma.

Ijumaa moja nilifundisha mpaka adhana. Nikashuka mbiombio kwenda msikitini, kitufe nikakiacha nje. Alasiri Amade akaichukua ndege ileile kwenda kuleta abiria wanne kutoka visiwani, upande wa Macaloe. Aliporudi nao Palma, wakati wa kutua, magurudumu yakiwa tayari chini, mbuzi wakakatiza uwanja. Akapaa tena na kuyakunja magurudumu, kama inavyotakiwa, akazunguka akiwaangalia wale mbuzi. Mara ya pili akasahau kuyateremsha. Honi ingemkumbusha, lakini haikulia.

Niliwahi kufika kabla ya wote. Ndege ilikuwa imelala kwa tumbo, Amade anawatoa abiria, mama mmoja amevunjika bega. Kazi yangu ilikuwa kuingia ndani na kukata umeme na mafuta, isije ikawaka. Nikakata. Hapo ndipo nikakiona kitufe kimechomoza. Nikakisukuma ndani kwa kidole gumba. Hakuna aliyeniona.

Mkaguzi aliyetumwa kutoka Maputo aliijaribu honi mbele yetu. Ikalia vizuri.

"Haikulia, shefe," Amade alimwambia mkubwa huyo. "Wallahi haikulia. Mimi nna masikio mawili."

Mkaguzi akanigeukia mimi, mwalimu wake. Nikasema kwamba rubani akihangaika anaweza asiisikie honi. Hilo ni kweli, hutokea, na ndiyo maana nikaaminiwa. Amade akanyang'anywa leseni. Niliogopa kupoteza cheo changu, nikamwacha apoteze cha kwake. Nilifundisha miaka mingine mingi na sikuigusa tena ile fyuzi, lakini yeye hilo lilimfaa nini?

Mwaka niliostaafu nilimfuata Quitunda, watu wake walikohamishiwa kuupisha mradi wa gesi. Nilimkuta anapalilia mihogo nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, Mwalimu!" Alisema kwa sauti kubwa, akanitolea kigoda.

"Msemeshe kwa nguvu," mkewe Zainabo akaniambia huku akicheka. "Huyu kila neno anataka arudiwe. Eti masikio yake mabovu."

"Si ndiyo yaliyoniangusha?" Amade akasema. "Mwalimu mwenyewe alieleza."

Zainabo akaenda jikoni kutengeneza chai. Nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona maishani. Nilidhani miaka yote hiyo alikuwa ananilaani. Kumbe aliniamini mimi, akaacha kuyaamini masikio yake. Nikamweleza yote: fyuzi, msikiti, kidole gumba, na niliyomwambia mkaguzi.

Aliketi chini, jembe mapajani.

"Kwa hiyo nilisikia sawasawa?"

"Ulisikia sawasawa."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Aligeukia jikoni akaita, "Zainabo! Njoo." Mkewe alipokuja, Amade akanitazama. "Mwambie na huyu."

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana Zainabo alikuwa analia. Nikawaahidi kwamba nitaandika Maputo, na nimeandika, majibu sijapata. Amade hakuuliza habari za barua. Alinawa mikono, akavaa kofia, akanishika mkono kama mtu anayemwongoza mgonjwa, tukaenda kwa jirani wa kwanza.

"Mwalimu ana neno," alimwambia, akasimama pembeni kusikiliza.

Siku ile tulizimaliza nyumba zote za mtaa wao.