Kidari cha Baba Mkubwa

Harufu ya mafuta ya mbuzi yakidondokea mkaa hunikosesha utulivu hadi leo. Wenzangu wakiisikia wanatafuta kiti. Mimi natafuta mlango. Nikipita mitaa ya Sakina au Ngarenaro Jumamosi mchana, moshi umetanda na mchomaji anageuza mbavu kwa ncha ya kisu, tumbo linataka kukaa na miguu inataka kwenda. Rafiki zangu husema nina haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Sina haraka yoyote. Ni kwamba narudi kuwa na miaka kumi na mmoja, masika yamepamba moto, viatu vimejaa tope, nami natembea nyuma ya Baba mji mzima wa Arusha tukitafuta mahali pazuri pa kula, na yeye hapataki popote.

Habari yenyewe ilianzia kwenye mbuzi wa Krismasi. Kwetu Maji ya Chai, katika ukoo wetu wa Kimeru, mbuzi hachinjwi halafu kila mtu akajichotea anavyotaka. Kila kiungo kina mwenyewe. Mgongo ni wa akina mama, kichwa na miguu vina wazee wake, na kidari, ile nyama ya kifuani yenye mafuta yake, ni cha mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba. Baba alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Baba mkubwa, aliyehamia Olasiti kwa kazi, na kila Krismasi alirudi kwa Bibi kula haki yake. Mwaka mmoja Baba alikuwa ameuza kahawa vizuri, mbuzi akamnunua yeye, na kidari kilipoiva akakivutia kwenye sahani yake mbele ya watu wote. "Mbuzi nimenunua mimi," alisema. Baba mkubwa akafuta kisu chake taratibu. "Mbuzi ni wako," akajibu, "kidari si chako." Akainuka, akachukua koti lake, akateremka barabarani bila hata kunawa mikono. Hatukumwona tena miaka mitatu. Mmoja wao alikuwa mjinga na mwingine mkaidi, na mpaka leo sijaamua yupi alikuwa yupi.

Ingebaki hivyo hivyo kama dada yangu Elieshi asingepata mchumba. Ukoo wa mchumba, Waarusha wa upande wa Kisongo, ukamtuma mshenga kusema wako tayari kuleta mahari. Hapo ndipo tulipokwama. Kwetu wakwe hupokewa na baba mkubwa. Baba mzazi hukaa pembeni, na akifungua mdomo watu wanamshangaa. Bibi alisema wazi kwamba bila mwanawe wa kwanza hakuna mgeni atakayevuka kizingiti chake. Mshenga naye akasema mvua zikikatika bila jibu, wenzake watajua wamekataliwa na watatafuta kwingine. Baba hakutaka kukanyaga Olasiti, Baba mkubwa hakutaka kukanyaga Maji ya Chai. Mwishowe mshenga akapendekeza wakutane mjini, hotelini, kwenye meza isiyo ya mtu. Baba mkubwa akakubali kwa sharti moja tu: mahali achague mdogo wake. Mama akanivalisha sweta akaniambia, "Nenda naye. Akisema amekosa mahali, uje uniambie kama amekosa kweli."

Basi kila Jumamosi nikawa askari mwenye njaa. Tulianzia Ngarenaro, penye nyama choma ya sifa, ambako muziki ulipigwa mpaka vijiko vikatetemeka mezani. Mimi nilikula mpaka nikalegea. Baba aliuma finyango mbili akasema hapa mtu akitaka kusema neno la maana itabidi apige kelele. Wiki iliyofuata tulikaa kwenye benchi la mama lishe mmoja karibu na Soko Kuu, mama mnene mcheshi aliyepika ndizi nyama yenye mchuzi ambao sijawahi kuuonja tena, na aliyeniita mkwe wake tangu nilipoketi. Baba akamaliza sahani, akajipangusa mdomo, akanong'ona kwamba watu wa kwetu wote hupita pale kuuza ndizi, habari itafika nyumbani kabla yake. Kwenye mkahawa wenye vitambaa vya meza, Baba alisema kaka yake atadhani anaringiwa. Kijenge tukapata loshoro, mahindi yaliyopikwa yakalainika na kuchanganywa na maziwa mgando, baridi na chachu, kama ya Bibi kabisa. Nikasema, "Baba, hapa." Alikuwa amekula bakuli mbili. "Mtu humwiti mjini kuja kumlisha cha nyumbani," akasema, na tayari alikuwa amesimama.

Kila kiti kilimchoma. Aligeuka geuka, akahesabu milango, akauliza choo kiko wapi wala hakwenda. Mimi nilifurahi wiki mbili za kwanza, siwezi kusema uongo. Sijawahi kula vile maishani. Lakini kila tuliporudi Elieshi alikuwa amesimama jikoni, anatazama uso wangu kabla ya uso wa Baba. Alikuwa mwalimu, mwanamke wa miaka ishirini na sita, na furaha yake nzima ilikuwa inasubiri mzee mmoja aridhike na meza. Jumamosi ya tano nilipotikisa kichwa, aliinamia masufuria akaanza kuyasugua, nayo yalikuwa safi. Siku ile nilimchukia Baba. Mama hakungoja avue viatu. "Mchagua jembe si mkulima," akamwambia. "Unatafuta hoteli, au unatafuta mvua iishe?" Baba alikaa kitako kwenye ngazi, koti likimchuruzika maji. Akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Naogopa, mama Elieshi. Nikimwita halafu asije, je?"

Alimwita. Walikutana Sakina, kwenye bustani yenye vibanda vya nyasi, mahali pa kawaida tu ambapo tulikuwa tumepapita mara mbili bila kuingia. Baba mkubwa alikuja mapema kuliko sisi. Alikuwa amekonda. Nikampa shikamoo, akaniwekea mkono kichwani, akaitikia marahaba, kisha akamtazama Baba nao wakasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Baba alikuwa ameagiza kidari kizima cha mbuzi, na mbavu za kusindikizia. Alijua atakachofanya: angekichukua kizima kwa mikono miwili na kumwekea mkubwa wake mbele, basi, neno lisingehitajika. Kumbe alisahau kumwambia mchomaji. Pale mjini nyama haina mwenyewe. Mchomaji akaja na ubao, kidari na mbavu vimekatwakatwa vipande vidogo, vimechanganywa, chumvi na pilipili pembeni, akasema karibuni.

Baba aliukodolea macho ule ubao. Nilidhani atageuza meza. Badala yake aliinama juu ya ubao ule akaanza kuchambua kwa vidole, kipande kwa kipande, moto moto, hiki kidari, hiki ubavu, hiki kidari, akivisogeza upande wa kaka yake. Watu wa meza za jirani waliacha kula wakamtazama. Alikuwa anaungua na haachi. Baba mkubwa alimwangalia mpaka fungu likafika kiasi cha ngumi, kisha akachukua kipande kimoja akakirudisha. "Huu ni ubavu," akasema. "Tangu utoto hujui nyama." Akatia kidari kinywani. Alitafuna muda mrefu, macho yamemlowa, wala hakuyafuta. "Waambie wakwe waje Jumamosi," akasema, "na wewe siku hiyo unyamaze."

Elieshi aliolewa, ana watoto watatu, na wazee wote wawili tumewazika. Siku hizi mimi ndiye watu wanayempigia wakitaka kujua pa kula Arusha. Ninapajua pote, kuanzia Njiro mpaka Usa River, nani anachoma vizuri na nani anapasha moto cha jana. Disemba iliyopita niliuita ukoo, mwaliko ukipitishwa mtu kwa mtu, kwenye hoteli mpya yenye bustani na chemchemi, watu kumi na wanne, kila mmoja na karatasi yake ya kuchagulia. Mmoja aliletewa pizza, mwingine samaki, mwingine saladi. Hakuna aliyegombana, hakuna kipande cha mtu kilichoguswa, na wote tulikubaliana kwamba pale ni pazuri sana. Zamani zile Baba mkubwa alipoinuka kwenye sahani yake, nyumba ya Bibi iliyumba miaka mitatu. Yonazi, mtoto wa kwanza wa Baba mkubwa, ambaye kwetu ni kaka yangu kabisa na ndiye mkubwa wetu sasa, naye aliinuka pale hotelini. Sijui aliinuka saa ngapi. Tulikuwa tunapiga picha mhudumu alipokuja akauliza kwa adabu kama mzee wa kiti kile anarudi au aondoe sahani. Hakuna aliyemwona akitoka. Nikachukua simu nimpigie, nikakuta sina namba yake.