Wimbo Unaotangulia Kuletwa Nyumbani

Mwimbaji wetu hapa Muthetheni hana gitaa. Hupiga jerikeni tupu kwa viganja vilivyokauka kwa kuchimba matuta, na sauti yake ni nzito, inakwaruza kidogo, kama ya mtu ambaye ameamka sasa hivi. Huimba kwa Kikamba, na huimba siasa: nani alichota mchanga wa mto mpaka visima vikakauka, nani alipewa kitu akanyamaza. Siku wanawake walipoketi barabarani kuzuia malori, yeye ndiye aliyekamatwa. Alilala seli siku mbili, na polisi wenyewe wanasema aliimba siku zote mbili.

Ana desturi moja asiyoivunja. Hakutaji hadharani kabla ya kufika kwako. Atakuja mchana, atakataa chai, kisha atakuimbia wimbo wako polepole, ili kama kuna uongo ndani yake umwambie. Diwani alimsahihisha: malori yake yalikuwa manne, si sita. Alibadilisha ubeti bila kinyongo.

Jumanne nilimkuta ameketi kwenye veranda yangu. Nyuma ya nyumba, lori langu lilikuwa bado linadondosha maji ya mchanga.

"Karibu chai, mama," nilisema.

"Hapana, Baba Nzilani. Leo sitakunywa." Akavuta jerikeni karibu. "Keti usikize. Kama nimekosea mahali, niambie."

Niliketi. Aliimba beti nne, na sikupata hata neno moja la kusahihisha.