Mshairi wa Mexico Kwenye Kaunta ya Mbolea

Nilikuwepo mwenyewe, tena karibu kuliko kaunta yenyewe! Mama mmoja wa Mexico, mshairi na mwandishi wa habari, alimwonyesha karani mbolea aliyouziwa bibi mmoja mkulima wa Milanzi. Mchanga mtupu, ungejenga ghorofa.

"Mahindi ya bibi yamegeuka njano. Nani kaleta hii?"

Karani akacheka. "Mama, wewe mshairi. Andika maua ya Ufipa, mbolea tuachie."

"Kwetu mwandishi mwenzangu aliuliza hivihivi, wakamuua. Shairi langu la mwisho ni la msiba wake."

Karani akafunga dirisha, pwaa! Foleni nzima tukaligonga kwa hasira mpaka Ziwa Rukwa likatikisika.

Hapo kwenye foleni nzima nimewatungia. Aliyegonga ni yule mgeni peke yake. Sisi wenye mashamba tuliangalia viatu.