Nakuachia Huyo Mtoto

Tangu bintiye aende Thailandi, mama mboga wetu wa Kaloleni alikuwa akitukatia sukuma wiki nene kama kamba. Wasiwasi ulikuwa umeingia kwenye kisu. Jumanne simu yake ililia, akaiegemeza kwenye nyanya, na binti akatokea kwenye kioo. Alikuwa ndani ya gari moshi la wenyeji, ameupakata mkoba wake mkubwa.

"Uko na nani?" mama akauliza.

"Niko peke yangu, mathe. Si nilikushow?"

"Na huyo umekaa naye?"

"Simjui. Ni shosho tu."

"Nipatie yeye."

Binti alifunika uso kwa kiganja, kisha akaigeuza simu. Mama akajipangusa mikono kwenye leso, akaongea Kiswahili polepole, kama tunavyomkabidhi mtoto kwa abiria yeyote wa basi la Kakamega.

"Mama, huyo ni wangu. Nakuachia. Asishuke pabaya."

Yule bibi mzee alisikiliza hadi mwisho, akajibu kwa lugha yake, kirefu. Mama akawa anaitikia: "Eeh. Ndiyo. Asante sana."

"Mathe, kwani umeskia nini?"

"Amekubali."

Nasi wateja tukamwona bibi akimpokonya binti mkoba, akauweka miguuni pake, akampa wali uliofungwa kwenye jani la mgomba. Kibanda kizima kikacheka.

Nimesoma wengi wanaosifu kusafiri peke yako, na siwapingi. Ila sukuma wiki yangu siku hiyo ilikatwa nyembamba kama nyuzi.